Msaada na Sifa: Mwongozo kwa Asiyejua Kukataa

Anayeishi Izimbya, Bukoba Vijijini, au upande wa pili kule Muleba, hamalizi wiki bila kuombwa kitu. Mgonjwa wa jirani anatakiwa hospitali na nauli ya bodaboda imepelea. Kitongoji cha pili kuna msiba: wanawake wamebeba ndizi na maharage, vijana wanapasua kuni, daftari la rambirambi liko mezani na kalamu juu yake. Simu inaita, ni kamati ya harusi ya mtoto wa binamu aliyeko Mwanza. Jumapili baada ya ibada mtu anakushika mkono, hauachii, nawe unajua salamu hiyo ina jambo nyuma yake. Sina nia ya kuyalalamikia maisha haya. Kijiji ambacho watu hawaombani ni kijiji ambacho watu hawaaminiani.

Mwongozo huu nawaandikia wale wanaoitika kila wito na bado hawana raha. Mwalimu ambaye mshahara wake unajulikana na kila mtu. Muuguzi anayegongewa mlango usiku. Kifungua mimba mwenye duka mjini Bukoba. Mama mweka hazina wa kikundi ambaye hajawahi kumwambia mtu hapana. Mnatoa, mnakimbia huku na kule, mnalala mmechoka, kisha usiku mnahesabu nani kashukuru na nani kapita kimya. Kama unajiona hapo, yawezekana umekuwa ukibeba kazi mbili ukidhani ni moja. Moja ni kumsaidia mtu. Nyingine ni kumfanya akupende. Mara nyingi kazi hizi huenda pamoja na hazigombani. Siku zikigombana utalazimika kuchagua, na asiyejua kuwa ziko mbili huchagua ya pili kila mara, huku akijihesabu mwema.

Nianze na mahali zinapogombana waziwazi, yaani kibanjani.

Mgomba wa jirani ukianza kunyauka

Mnyauko bakteria wa migomba uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini mwetu huku huku Kagera, wilayani Muleba, mwaka 2006. Dalili zake mkulima wa Kagera hahitaji kufundishwa: majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati na bila mpangilio, ukiipasua ndizi ndani imekuwa ya kahawia, ukikata shina linatoa uteute wa njano. Dawa ya kuuponya mgomba hakuna. Ugonjwa unaenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Unaenezwa na miche iliyong'olewa kwenye shamba lenye ugonjwa. Unaenezwa na makali, pale panga lililokata mgomba mgonjwa linapoazimwa na jirani likakata mgomba mzima.

Basi jiweke hapa. Umepita kwa jirani asubuhi, ukaona mgomba mmoja nyuma ya jiko lake umeanza. Yeye hajauona, au ameuona na hataki kuukubali. Jioni anakuja kwako na sura ya furaha, anakuletea mche wa aina uliyoisifu mwaka jana, na anaomba panga lako kwa siku mbili.

Anayetafuta kupendwa anajua la kufanya. Anapokea mche, anashukuru, anatoa panga. Jirani anaondoka akimsifu. Kufikia msimu ujao vibanja viwili vimekwisha badala ya kimoja, na bado hakuna aliyemkosea mwenzake adabu.

Anayetaka kusaidia ana kazi ngumu. Kibanja kwa Mhaya si shamba tu. Ndimo walimozikwa baba na babu, ndimo mnatoka chakula na kahawa, na mwenye kibanja kinachopendeza anaheshimika. Kumwambia mtu kuwa mgomba wake ung'olewe ni kumgusa pabaya. Anaweza kusema unamwonea wivu. Anaweza kusema maneno mabaya zaidi ya hayo, na yakazunguka mpaka kilabuni kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Utapoteza upendo wake kwa muda, na huenda usiurudishe. Lakini kibanja chake kinaweza kupona.

Namna ya kumwambia ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Usimpelekee mwenyekiti wa kitongoji kabla hujaenda kwake mwenyewe. Usimwambie kwenye msiba wala mbele ya watoto wake. Nenda mapema, ukiwa na jembe lako begani, kwa sababu ushauri wa mtu aliyekuja na jembe unasikika tofauti na ushauri wa mtu aliyekuja mikono mitupu. Ongea kwa maneno machache: "Ta, nimeuona mgomba wa nyuma ya jiko. Nina hofu ni mnyauko. Nimekuja tuuangalie pamoja, na kama ndio, tuung'oe leo wewe na mimi." Akikubali, ng'oeni na kuufukia. Mwonyeshe kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa kisu, na kupitisha panga kwenye moto au kuliosha kwa jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mche wake usiupokee, mwambie sababu. Akikataa kabisa, ndipo umwone afisa ugani, na umwambie jirani kuwa unakwenda kumwona.

Nimeeleza hili kwa urefu kwa sababu mambo mengine yote yanayofuata yanapimwa kwa kipimo hiki hiki. Msaada unapimwa kwa hali ya mgomba, si kwa uso wa mwenye mgomba. Siku ukishindwa kujua unafanya kazi ipi kati ya zile mbili, jiulize: kama jambo hili litamfaa na yeye atanichukia kwa mwezi mzima, je, bado nitalifanya? Na kinyume chake: kama halitamfaa chochote lakini atanisifu, je, nitaliacha?

Daftari lako na daftari lake hayatalingana

Mwaka 2000 mtafiti wa uchumi Joachim De Weerdt alifanya kazi ya pekee katika kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini. Kaya zote za kijiji, 119, zilihojiwa, na kila mtu mzima aliulizwa awataje watu anaoweza kuwategemea kwa msaada wa fedha, vitu au nguvu, au wanaomtegemea yeye. Kaya hizo zilirudiwa mara kadhaa ndani ya mwaka huo, kwa hiyo ikaonekana nani alimpa nani nini, na nani alipougua alisaidiwa na nani. Takwimu za Nyakatoke zimechambuliwa na wachumi wengi tangu hapo, na yaliyopatikana yanafaa kusomwa na kila mtu wa vijijini kwetu, maana yanatuhusu sisi.

La kwanza. Mara nyingi mtu alimtaja mwenzake kuwa ni wa kutegemeana naye, lakini mwenzake huyo hakumtaja. Hata kwenye zawadi na misaada iliyokwisha kutolewa, maelezo ya mtoaji na ya mpokeaji yalipishana sana: mmoja anasema alitoa, mwingine hasemi alipokea, mmoja anasema alipokea, mwingine hasemi alitoa. Hawa si watu waongo. Kila mtu anakumbuka kwa moyo wake. Wewe unakumbuka mkungu uliompelekea wakati wa njaa. Yeye anakumbuka usiku aliokesha na mwanao hospitali, ambao wewe umeusahau. Kwa hiyo unayekaa ukisubiri shukrani unasubiri ukurasa ambao huenda haumo kabisa katika daftari la mwenzako. Ufute kwenye lako. Si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya usingizi wako.

La pili linanipa moyo. De Weerdt na mwenzake Marcel Fafchamps walifuatilia misaada iliyokwenda kwa wagonjwa, wakakuta kwamba sehemu kubwa ilitoka kwa ndugu, na ilitolewa bila kulipwa, hata pale ugonjwa ulipokuwa wa kudumu na mtoaji hana tumaini la kurudishiwa. Yaani watu wa kijiji cha Wahaya, ambao hawakuwa matajiri, walikuwa wakifanya kila siku kile ambacho tunapenda kusema kimekwisha duniani. Methali yetu inasema fadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Nyakatoke waliyaona maudhi na wakafadhili vilevile.

La tatu ndilo la kufanyia kazi. Kaya maskini zilikuwa na watu wachache wa kutegemeana nao kuliko kaya zenye nafasi. Mwenye nacho alitajwa na wengi. Asiyenacho alitajwa na wachache. Hapa ndipo sifa inapotupotosha bila sisi kujua. Msiba wa mtu mkubwa unajaa, na kila anayefika anaonekana. Bibi anayeishi peke yake pembezoni, karibu na rweya, yaani nyika ya majani, akifiwa, watu wanafika na kuondoka mapema. Unapopanga msaada wako, usianze na aliyekuomba. Anza na kujiuliza ni nani katika kitongoji chenu ambaye akiulizwa leo amtegemee nani, atakosa jina la kutaja. Huyo hatakuomba, na ukimsaidia hakuna atakayejua. Kwa sababu hizo mbili, ndiye wa kwanza.

Uliza kabla ya kutoa, na uliza vizuri

Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Miaka iliyofuata iliacha nyumba nyingi zenye bibi na wajukuu tu, kizazi cha katikati kimeondoka. Misaada ilikuja ya aina nyingi. Mmoja ninaoutaja kila ninapopata nafasi ni ule wa shirika la Kwa Wazee, lililoanza mwaka 2003 huko Nshamba, Muleba. Lilifanya jambo ambalo wengi waliliona la ajabu: liliwapa wazee fedha taslimu kila mwezi, kama pensheni, wakazitumia wanavyoona wenyewe. Tathmini ya kazi hiyo iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa jina la vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule.

Fikiria orodha hiyo. Hakuna mtu anayetaka kusifiwa angepeleka chumvi. Angepeleka bati, au godoro, au mbuzi mwenye utepe shingoni, kitu kinachoonekana kutoka barabarani. Lakini bibi anayelea wajukuu wanne anajua kwamba mtoto asiyeoga kwa sabuni anachekwa darasani na asiye na viatu anabaki nyumbani, na kwamba maharage bila chumvi hayaliki. Alipopewa nafasi ya kuamua, aliamua sawasawa. (Zanzibar walikwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na zaidi analipwa pensheni na serikali, na ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Bara bado tunaidai.)

Wewe si shirika, lakini unaweza kuuliza. Tatizo ni kwamba kwetu swali la "unahitaji nini?" halina jibu. Mtu mwenye heshima zake atakwambia wako salama, hasa mwanamke mtu mzima akiulizwa na mtu mwenye umri mdogo kuliko mtoto wake wa mwisho. Uliza mambo yenye mipaka. Maji unachotewa na nani siku hizi? Mtoto wa darasa la tano anakwenda na viatu gani? Kahawa mmeshaanika, au bado iko mitini? Kuni zimebaki za siku ngapi? Mtu atakayekwambia yuko salama atakujibu kuhusu kuni. Kaa, usiulize umesimama mlangoni. Na akikutajia kitu kidogo kuliko ulichokusudia kutoa, mpe hicho kidogo, usimlazimishe kupokea ukubwa wako.

Kuhusu mgonjwa aliyelazwa, iwe Izimbya, Ndolage au hospitali ya mkoa, nitasema kwa kifupi kwa sababu kila mtu amewahi kuliona. Watu kumi wanakuja pamoja, wanasimama kuzunguka kitanda, wanaomba, wanaondoka, na anayemuuguza anabaki na beseni la nguo chafu na njaa yake. Sala ni njema. Lakini wodini hodari wa msaada ni yule anayemwambia muuguzaji, "Nenda ukalale, usiku huu nipo mimi," au anayefua, au anayeleta chakula kilichopikwa pamoja na sahani ya kulia. Usiende saa ambayo wote wanakwenda. Nenda saa ambayo hakuna mtu.

Kukataa bila kudanganya

Wema usizidi uwezo. Waliosema hivyo hawakuwa wachoyo. Angalia kinachotokea pale wema unapozidi. Mtu ameahidi mchango mkubwa wa harusi kwa sababu jina lake lilisomwa mbele ya kikao na mashemeji walikuwapo. Kadi inadai, tarehe imekaribia, mavuno hayajafika. Anamwita mlanguzi na kumuuzia kahawa ikiwa bado mbichi mtini, biashara tunayoiita butura, kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika wenzake wanapeleka kahawa chama cha msingi, yeye anamwangalia mlanguzi akivuna shambani kwake. Ada ya shule inakosekana, na mtoto aliyekosa ada hakuhudhuria kikao kile wala hakuulizwa. Harusi ilipendeza. Aliyeilipia ni yeye, mtoto.

Huo si ukarimu. Ni deni la sifa lililolipwa na mtu mwingine, na nadhani tunapaswa kuliita hivyo hadharani, ili wanaoogopa kukataa wapate ujasiri.

Kwa hiyo amua ukiwa nyumbani, kabla ya kukanyaga kikao. Fedha ya kahawa ikiingia, kaa na mwenzi wako mtenge kiasi cha mwaka mzima cha kusaidia watu, na mkipange kwa mafungu. Mimi naipanga hivi: ugonjwa kwanza, kisha msiba, kisha shule ya mtoto asiye na mtu, kisha harusi na sherehe nyingine kwa kitakachobaki. Wengi wanaipanga kinyume kwa sababu harusi ina kamati inayopiga simu, na ugonjwa hauna kamati. Fungu likiisha, limekwisha.

Na unapokataa, kataa siku hiyohiyo. Sisi tuna ugonjwa wa kusema "nitaona" au "tuwasiliane wiki ijayo", na tunauita upole. Aliyeomba anakwenda nyumbani akiamini amepata. Hamwombi mwingine. Ijumaa inafika, mgonjwa hajasafirishwa, na wewe umezima simu. "Nitaona" inakulinda wewe usichukiwe kwa siku tano na inamgharimu yeye siku hizo tano. Hapana ya mapema ni msaada, kwa sababu inamwacha mtu na muda wa kutafuta kwingine.

Maneno yenyewe yawe machache na ya kweli. "Waitu mama, fedha ya mchango sina mwezi huu, na sitaki kukuahidi nikuangushe. Siku ya shughuli nitafika alfajiri nimenye ndizi na wenzangu." Usizue msiba ambao haupo wala mgonjwa asiyeugua, uongo utakufunga, na kijijini hausafiri mbali kabla haujakurudia. Usieleze sana. Maelezo marefu ni namna ya kumwomba akusamehe, yaani akurudishie upendo palepale, na hapo umeacha kumjibu yeye umeanza kujihudumia. Toa ulichonacho, na kama huna hata cha kutoa, mwambie huna, umsindikize mpaka njiani. Akinuna, mwache anune. Kununa ni haki yake.

Kuna anayestahili tahadhari ya pekee: yule unayemsaidia kila mwezi na hali yake haibadiliki. Jiulize kama unampa kwa kuwa anahitaji, au kwa kuwa wewe unahitaji kuhitajiwa. Ni swali chungu, hasa kwa mzazi na kwa kifungua mimba. Kijana wa miaka thelathini anayelipiwa madeni ya kamari na dada yake hasaidiwi. Dada ananunua jina la dada mwema, na bei inapanda kila mwaka.

Msaada wa mbele za watu

Baadhi ya walimu wa dini watakwambia utoe kwa siri, na wana msingi. Injili inaonya dhidi ya sadaka ya kujionyesha, na Kurani katika sura ya al-Maun inawakemea wanaofanya ria, yaani kujionyesha, huku wakinyima msaada mdogo wa jirani kwa jirani. Lakini kijijini huwezi kubeba mkungu wa ndizi gizani kila siku, wala hakuna haja. Daftari la rambirambi kwa maoni yangu si maonyesho. Ni bima ya kijiji. Kinaandikwa kilichotolewa ili zamu yako ikifika isisahaulike, na vikundi vyetu vya kuzikana na kusaidiana vimeishi kwa uaminifu wa madaftari hayo. Andika jina lako bila aibu. Kinachoharibu ni pale unapofika mezani, ukasoma alichotoa aliyekutangulia, ukaongeza chako ili umpite. Kama kiasi ulikiamua nyumbani, meza haina nguvu juu yako.

Picha ndizo zenye hatari kubwa zaidi. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliua watu zaidi ya 15 mkoani kwetu na kubomoa maelfu ya nyumba. Watu walilala nje, wengine chini ya maturubai kwa muda mrefu. Katika siku za namna hiyo mtu yeyote anaweza kufika na katoni za maji na mpiga picha. Ukisimamia msaada wa kikundi chako, kanisa au msikiti, weka kanuni: piga picha ya mzigo, ya stakabadhi, ya ukuta uliojengwa. Uso wa mpokeaji usionekane kabla hajakubali, na kukubali huko kuulizwe baada ya kupewa, si kabla. Watoto wasipigwe kabisa. Wafadhili wenu wana haki ya kujua fedha imekwenda wapi. Hawana haki ya machozi ya mtu.

Na sifa ikija yenyewe? Ipokee. Asubuhi ya Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam iliangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba ikiwa na watu 43. Wavuvi ndio waliofika wa kwanza, kwa mitumbwi yao. Watu 24 walinusurika, 19 walikufa. Baadaye taifa lilimpongeza kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, akapewa fedha na kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wenzake waliopiga kasia asubuhi ile hawajulikani majina kwa Watanzania wengi. Sioni kosa kwa aliyepongezwa, wala hasara kwa wasiopongezwa katika kile walichokwenda kukifanya. Walikwenda kwa sababu kulikuwa na watu majini. Pongezi zilipogawiwa, zilikosa wengi, kama zinavyokosa siku zote. Ndiyo maana si jambo la kutegemea mtu anapoamua aende au asiende.

Kwa mnaorudi nyumbani Desemba

Mtoto aliyefanikiwa Dar es Salaam au Mwanza anajenga nyumba kubwa kijijini, bati la rangi, geti la chuma. Imefungwa miezi kumi na moja. Mama analala nyumba ya zamani kwa sababu ile mpya ni kubwa kuifagia, na anapika kwenye jiko lilelile la moshi, macho yanamwuma. Aliyejenga anampenda mama yake, sina shaka. Lakini nyumba ile aliwajengea wapita njia. Kabla ya kununua tofali, kaa na mama siku tatu bila wageni, umtazame anavyoamka, anavyochota maji, anavyopanda kitandani. Utajua la kufanya, na huenda likawa tanki la maji na jiko lenye bomba la kutolea moshi, vitu ambavyo hakuna mgeni wa Krismasi atakayevitazama. Vijenge hivyo kwanza. Nyumba itafuata kama fedha ipo.

Wiki hii chagua mtu mmoja katika kitongoji chenu ambaye hakukuomba kitu na hana mtu wa kumsimulia sifa zako. Nenda kwake saa za jioni, peke yako, bila kumwambia mtu. Kaa. Uliza kuhusu kuni, maji na viatu vya watoto. Kisha fanya kile alichokwambia, kwa kiasi ulichonacho, na mwezi ujao rudi tena.